Daraja Lililokandikwa

Msomaji wangu, ulimwacha Tabea katikati ya daraja la Lwanzali, mikono ameitanua kama anazuia ng'ombe wasiingie shambani, na gari la Bwana mkaguzi linateremka kilima kutoka Njombe. Umekaa juma zima ukijiuliza kama alikanyagwa.

Hakukanyagwa.

Breki zililia, vumbi likalipita gari, na gari lenyewe likasimama magurudumu ya mbele yakiwa tayari juu ya mbao. Kofia ya Bwana iliruka ikaangukia mapajani mwa karani wake. Tabea hakupepesa jicho.

"Mama Sila!" Hiyo ilikuwa sauti ya mumewe, Jumbe Gideoni. Alikuwa ukingoni, upande wa Njombe, amevaa koti lake la kanisani pamoja na jua lote lile. Nyuma yake wanaume walikuwa wamepanga mstari, na wanawake wameshika matawi ya kumpungia mgeni. Mgeni aliwapita wote bila kusimama. "Mama Sila, toka hapo! Unataka kunivua nguo mbele ya Serikali?"

"Sitoki."

"Nakuambia toka!"

"Na mimi nakuambia sitoki mpaka Bwana aangalie chini. Chini, Baba Sila, si juu."

Karani akaruka kutoka garini. Jina lake Abrahamu, kijana wa Kibena aliyesoma shule ya misheni ya Kidugala, na sasa kazi yake ni kufuatana na Bwana na kumtafsiria.

"Kamwene, mama. Kuna nini?"

Tabea hajafungua mdomo, Jumbe amekwisha kufika akihema.

"Hakuna kitu, Karani. Mwambie Bwana huyu ni mke wangu, alikuwa anamsalimu. Ndiyo desturi yetu hapa. Mgeni mkubwa tunamsalimia darajani."

"Tangu lini?" aliuliza Emilia kutoka ukingoni. Emilia ni jirani yao, Mkatoliki, na ulimi wake haujawahi kufungwa kamba. Wanawake wakaficha nyuso nyuma ya matawi.

Abrahamu alimtazama Jumbe, akamtazama Tabea, kisha akaona usalama uko kwa mwenye cheo. Akatafsiri ya Jumbe. Bwana akatabasamu, akaivua tena kofia aliyokwisha kuivaa, akamwinamia Tabea kwa heshima zote.

Hasira ilimpanda Tabea kutoka kwenye nyayo.

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, tumpe kisa kwa ufupi, maana gari limesimama na litamsubiri. Mwaka ule, mwaka tuliogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia mpya, habari zilitoka bomani kwamba Bwana mkaguzi atapita madaraja matatu ya barabara ya Njombe na Makambako, aone kila moja liko katika hali gani. Watu walimwita Bwana Nyundo, kwa kuwa hawezi kupita penye mti bila kuugonga. Basi watu wa Lwanzali wakafanya kama wanavyofanya kila anapokuja mgeni. Wakafagia njia. Wakapigilia mbao mpya juu ya zile kuukuu. Na wanawake wakaambiwa walikandike daraja.

Ndiyo, walikandike, kama nyumba inavyokandikwa Krismasi ikikaribia! Wakashuka mtoni na ndoo za udongo mwekundu, wakazisiriba nguzo zote, wakazilainisha kwa viganja mpaka zikang'aa.

Tabea alikuwa mmoja wao. Na alipofika nguzo ya katikati, upande yanakotoka maji, vidole vyake viliingia ndani ya mti. Viliingia kama kwenye ugali wa moto. Alivitoa vimejaa unga mweusi.

Juu ya nguzo ile hupita lori la magome ya miti ya miwati, dawa ya ngozi, liendalo kiwandani Njombe. Dereva wake ni Sila, mtoto wa pekee aliyembakia Tabea. Wadogo zake wawili wamelala nyuma ya kanisa. Tangu siku ile ya vidole, mama alimwapisha mwanawe: ukifika ng'ambo, simama. Teremsha watu, pakua nusu ya mzigo, uvuke na gari jepesi, halafu urudie nusu nyingine. Sila alitii, ingawa tajiri wake kule Makambako alinung'unika kila siku kwa kucheleweshewa lori.

Hiyo ndiyo sababu Tabea alisimama darajani. Hakuwa na nyingine. Tuendelee.

"Karani," alisema, sasa akiacha Kibena na kutumia Kiswahili cha polepole, kile cha shuleni, ili asipatikane wa kumgeuzia maneno, "sikumsalimu. Mwambie Bwana daraja limeoza."

Abrahamu akamgeukia Bwana. Akasema. Tabasamu la Bwana likakatika katikati.

Bwana akashuka na nyundo yake. Akagonga ubao: ko! Akagonga wa pili: ko! Akagonga wa tatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Anasema mbao ni safi kabisa. Anauliza nani kakuambia limeoza."

"Vidole vyangu."

"Vidole, mama?"

"Nguzo hizi nimezikandika mwenyewe. Ile ya katikati ilinimeza vidole. Mwambie."

Abrahamu akamwambia. Bwana akacheka mpaka masikio yakawa mekundu.

"Anasema, yaani wewe ndiye uliyezipamba nguzo, halafu leo wewe ndiye unayesema mbovu?"

"Ndiyo! Kwa kuzipamba ndipo nilipojua!"

"Anasema ameona mafundi wengi wa kulaumu kazi za wenzao, lakini wa kulaumu kazi yake mwenyewe ndiye wa kwanza."

Wanaume ukingoni wakaangua kicheko. "Jumbe, mpeleke kivulini!" mmoja alipaza sauti. "Jua limemwingia!"

"Na udongo huu, Bwana," Jumbe akadakia, "si pambo tu. Ni dawa. Unazuia mchwa."

Bwana alipotafsiriwa hilo, alipapasa nguzo ya ukingoni kama mtu anayepapasa ndama mzuri mnadani.

"Dawa ya mchwa?" Tabea alimgeukia mumewe. "Baba Sila, mbele ya Mungu?"

"Nyamaza."

"Tangu lini mchwa wakaishi mtoni?"

"Nimesema nyamaza!"

Tabea akampa kisogo. Alikunja khanga mpaka magotini, akateremka mtoni. Maji ya kiangazi hayakuwa mengi, ila baridi yake ilikata kama kisu. Akageuka, akamtazama Bwana, akamwonyesha kwa kidole: njoo. Bwana, ambaye alikuwa na haraka lakini si mtu wa kushindwa na mwanamke mbele ya kadamnasi, akateremka na viatu vyake. Abrahamu akafuata, akiinua suruali kwa vidole viwili.

Kule chini, Tabea alipigwa na bumbuazi. Nguzo zote zilifanana! Zote nyekundu, zote laini, zote zinang'aa. Wanawake wa Lwanzali walikuwa wamefanya kazi yao vizuri mno.

"Hii?" aliuliza Abrahamu.

"Hapana. Nadhani... ngoja."

Bwana hakungoja. Alitoa chuma chenye ncha, akakipigilia kwenye nguzo ya kwanza. Udongo ukapukutika, chuma kikagota. Ngumu. Akapigilia ya pili. Ngumu zaidi, chuma kiliruka, kidogo kimjeruhi.

"Ya katikati!" Tabea alilia. "Ya katikati, upande wa juu, yanakotoka maji!"

Wakazunguka. Na walipozunguka, Tabea aliona kitu ambacho hakikuwapo siku ile ya kukandika.

Mawe.

Mawe makubwa ya mtoni, yamepangwa moja juu ya jingine kuizunguka nguzo ile ya katikati kutoka chini hadi kifuani, yakasiribwa udongo juu yake. Nguzo ilikuwa imevalishwa koti. Hata kidole kimoja hakikuwa na pa kupenya.

"Haya mawe yametoka wapi?"

Vichwa vya watu vilichungulia kutoka juu kama kuku juu ya ua.

Bwana aliinama, akayapiga mawe kwa kiganja, akasema maneno mengi kwa furaha.

"Anasema," Abrahamu akatafsiri, "hii ni kazi nzuri kuliko zote alizoziona tangu atoke Njombe. Mafuriko yakija, mawe haya yataikinga nguzo. Anauliza nani aliyefikiri jambo hili."

Jumbe alikuwa amekwisha kuteremka nyuma yao.

"Mimi," alisema Gideoni.

Tabea akageuza shingo polepole. Mumewe alikuwa amesimama ndani ya maji, anayatazama yanavyopita. Hakuinua macho. Na pale pale Tabea akajua. Gideoni anajua. Gideoni alijua kabla yake.

"Ondoeni mawe!" Alishika jiwe la juu kwa mikono miwili, akavuta. "Karani, mwambie aondoe mawe aone! Moja tu! Aondoe moja tu!"

Bwana alitazama jua. Akafuta miwani yake. Akasema kitu kifupi.

"Anasema hawezi kubomoa kinga nzuri ili kumridhisha mtu mmoja, mama. Samahani. Anasubiriwa Makambako."

Jambo likaisha hivyo! Makopo matatu ya rangi yakateremshwa garini: nyekundu, njano, nyeupe. Bwana akachovya brashi kwenye nyeupe. Akapaka nguzo ya ukingoni upande wa Njombe, akavuka kwa miguu, akapaka na ile ya upande wa Makambako. Alama mbili kubwa nyeupe juu ya udongo mwekundu, zinaonekana kutoka mbali. Vigelegele vikalipuka. Matawi yakapepea. Na Jumbe Gideoni akafanikiwa hatimaye kumkalisha mgeni wake kivulini, akamtilia chai katika kile kikombe cha Malkia.

Tabea alimkuta mumewe nyuma ya jiko, anachochea moto wa birika.

"Ulijua."

"Punguza sauti."

"Ulijua, Gideoni."

Hajamwita jina hilo tangu siku ya ndoa. Gideoni akaweka kuni chini.

"Nilijua. Tangu mvua zilizopita."

"Na mwanao anapita juu yake."

"Anapita na nusu ya mzigo! Si umemwapisha mwenyewe? Mimi nilikuwa na mpango wangu. Baada ya mavuno ningekusanya wanaume, tungebadili nguzo kimyakimya, yangekwisha."

"Kwa nini usimwambie Bwana, aliyekuja kwa ajili hiyo hiyo?"

"Kwa sababu nina akili!" Alisogea karibu. "Umesahau Jumbe Mika? Daraja lake lilionekana bovu, wakampaka nyekundu mlangoni pa kijiji chake. Mwezi haukwisha, akavuliwa ujumbe. Wanaume wake wakatolewa mashambani wakati wa kupanda, wakavunje mawe ya barabara. Unataka watu walale njaa kwa ajili ya nguzo moja?"

"Nataka mwanangu asilale mtoni."

"Hatalala mtoni."

"Nani kakuahidi?"

Gideoni alitaka kujibu. Lakini mtu wa tatu alikohoa. Abrahamu alikuwa amesimama pembeni mwa jiko na kikombe kitupu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga siafu.

"Jumbe," alisema taratibu, "umesema nini kuhusu nyekundu?"

"Sijasema kitu."

"Nimesikia. Jumbe, nyekundu si adhabu."

"Ni nini basi?"

"Nyekundu ni la kwanza! Bwana ana magogo na vyuma vya daraja moja tu kabla ya masika. Hakuletwa hapa kukagua majumbe. Ameletwa kukagua madaraja, alitafute lililo na hali mbaya kuliko yote, hilo ndilo litengenezwe. Lenye njano linangoja mwaka mwingine. Lenye nyeupe halina shida. Haliguswi tena."

Gideoni alimtazama kama mtu anayeambiwa habari za nchi ya mbali.

"Na Jumbe Mika?"

"Jumbe Mika alivuliwa kwa mambo yake mengine, hata sisi maofisini tuliyasikia. Daraja lake lilitengenezwa. Hao wavunja mawe walikuwa wanajenga lao wenyewe."

"Mungu wangu," alisema Tabea. "Mungu wangu, Mungu wangu."

"Na sasa ni nani atakayepewa?" Sauti ya Jumbe ilikuwa imekwisha.

"Leo asubuhi tumepaka njano lile daraja la Ramadhani, tulikoanzia. Limebaki lile la mbele, la Kitandililo. Wale hawakufagia hata jani. Juzi tulipokuwa tunapita kuja Njombe, Bwana alitumbukiza mguu kwenye tundu la ubao, wakamvuta watu wawili. Nguzo zao ngumu kama chuma, lakini ukilitazama kwa juu, hakuna bovu kulishinda. Watapata nyekundu jioni ya leo."

Emilia, ambaye hakualikwa jikoni lakini alikuwapo, akapiga makofi mara moja. "Kumbe uvivu nao unatuzwa! Na sisi tuliomaliza udongo wa bonde zima?"

Tabea akamgeuza mumewe kwa bega.

"Baba Sila," alisema Tabea, "bado yupo. Anakunywa chai. Nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kile ulichoniambia mimi."

"Karani..." Jumbe alimgeukia Abrahamu kwa macho ya kuomba.

"Mimi hapana, Jumbe. Ukisema nitatafsiri, tena vizuri. Lakini siwezi kuanza mimi. Nikimwambia mtu aliyemsifu ndiye aliyeficha, atauliza kwa nini nimengoja mpaka amekwisha kupaka."

Gideoni akajifunga vifungo vya koti. Akatembea mpaka kivulini. Tabea alimfuata hatua kwa hatua, anamsukuma kwa macho.

Jumbe alipofika, Bwana alikuwa anainuka. Na kabla Jumbe hajasema lolote, Bwana akamshika mkono, akamgeuza awaelekee watu, akahutubia.

"Anasema," Abrahamu alitafsiri, "atamweleza Bwana Shauri, mkuu wa boma, kwamba amekuta jumbe mmoja tu katika barabara hii anayejua kutunza daraja. Anasema majumbe wengine waletwe Lwanzali wajifunze."

Makofi! Vigelegele! Mzee mmoja alirusha kofia yake juu akashindwa kuidaka.

Gideoni akafungua mdomo.

"Sema," Tabea alinong'ona nyuma yake. "Sema, Baba Sila. Sema sasa."

Mdomo ulikuwa wazi. Watu wake wote walikuwa wanamtazama, na hajawahi kutazamwa hivyo maishani.

"Mwambie Bwana..." alisema. "Mwambie Bwana asafiri salama."

Loo! Tabea alifumba macho.

Gari likavuka. Daraja lililia kidogo tu, kama mlango wa ghala, na katika makelele yale ni Tabea peke yake aliyelisikia. Gari likapanda kilima cha ng'ambo, vumbi likatulia, na alama nyeupe zikabaki zinakauka juani.

Tabea hakupiga kelele. Alikaa kwenye jiwe ukingoni, akaifunga khanga yake vizuri, akasema na Mungu kama mtu anayesema na baba mgumu wa kusikia. Nimesimama mbele ya gari. Nimesema kwa Kibena na kwa Kiswahili. Nimeingia mtoni. Nimefanya kila ulichoniwekea moyoni nifanye, na Wewe umeona jinsi wote walivyoniziba mdomo, wa kwanza akiwa mume uliyenipa. Sasa niambie kilichobaki.

Alipofumbua macho, alimwona mumewe anavua koti la kanisani.

Gideoni alilitundika koti kwenye nguzo ya ukingoni, akachukua mtaimbo, akateremka mtoni na shati lake jeupe.

"Unakwenda wapi?"

"Kuyaondoa mawe."

"Sasa? Mgeni amekwisha kuondoka!"

"Nitakata kipande cha mti ule uliooza, nichukue baiskeli, nimkute Kitandililo kabla hajafungua kopo jekundu. Nitamwekea mkononi." Hakumtazama. "Mdomo wangu umenishinda, Mama Sila. Umeona mwenyewe. Labda mkono utaweza."

Tabea aliinuka kwenye jiwe. "Ngoja basi nikuitie wanaume wakusaidie."

"Wakija wataniuliza. Wakiniuliza, nitashindwa tena. Niache."

Akaanza. Jiwe la kwanza likatoka, likatumbukia majini. La pili. La tatu likamsumbua, akalipiga mtaimbo mpaka likakubali. Gideoni alikuwa mtu wa nguvu, na aibu ilikuwa imemwongezea nyingine. Ukingoni wanawake waliokuwa hawajatawanyika walisogea kutazama, matawi yao bado mikononi.

"Mama Sila," aliita Emilia, na kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na mzaha ndani ya sauti yake. "Mbona daraja limeinama?"

Tabea akainua macho. Ufa mwembamba ulikuwa unakimbia kwenye udongo wa nguzo ya katikati, kutoka juu kuja chini. Udongo ukabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Boriti iliyokuwa imenyooka asubuhi sasa ilikuwa imelegea katikati.

Ndipo alipoelewa. Mawe yale hayakuwa yameificha nguzo tu. Nguzo ilikuwa imekwisha kuyaegemea. Mawe ya Gideoni, mawe ya uongo, ndiyo yaliyokuwa yamelibeba daraja!

"Baba Sila! Acha! Usiondoe tena!"

"Bado jiwe moja!" sauti ilijibu kutoka chini, ikichanganyika na maji. "Limekaza hili!"

"Gideoni, toka!"

Na hapo honi ikalia ng'ambo.

Lori la Sila lilichomoza juu ya kilima cha upande wa Makambako, limejaa magome ya miwati mpaka pomoni. Juu ya magome walikaa wanakwaya wa Kidugala, waliopewa lifti kwenda Njombe, wanaimba kwa sauti nne mpaka vilima vinaitikia.

Atasimama, Tabea alijiambia. Sila husimama siku zote. Atateremsha watu, atapakua nusu. Ameniapia.

Na kweli, lori lilipofika chini lilianza kupunguza mwendo. Likafika mdomoni mwa daraja. Likasimama. Mlango ukafunguliwa, mguu wa Sila ukatoka, ukatafuta ngazi.

Halafu Sila akaiona rangi nyeupe.

Aliitazama kitambo. Habari ya rangi ilikuwa imezagaa gereji zote za Makambako. Madereva walikuwa wa kwanza kuijua maana yake. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Akamwona mama yake ng'ambo, akamwonyesha ile alama kwa kidole, akacheka. Mama, limepita! Leo hatupakui!

"Hapana!" Tabea alipunga mikono yote miwili juu ya kichwa. "Sila, hapana! Hapana!"

Lakini nyuma yake wanawake wa Lwanzali walikuwa wamewaona wanakwaya. Nao wakafanya kama wanavyofanya kila anapokuja mgeni. Wakainua matawi yao, wakapunga, wakapiga vigelegele, na mikono ya Tabea ikapotea katikati ya mikono mingine yote.

Sila akampungia.

Mguu ukarudi ndani. Mlango ukafungwa. Tabea akasikia gea inaingia, akayaona magurudumu ya mbele yanapanda juu ya mbao mpya, na miguu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia kuelekea katikati ya daraja, palepale aliposimama asubuhi.

Kutoka chini ya mbao ilipaa sauti ya Gideoni, sauti ya mtu aliyeshinda hatimaye jambo lililomtesa kutwa nzima:

"Mama Sila! Limetoka!"